Siku Niliyotembea Wima

Wengine huaibika kwa kuanguka, wengine huaibika kwa kusema jambo ambalo halikupaswa kusemwa mbele za watu, lakini mimi, jamani, niliaibika kwa sababu nilitembea vizuri. Mmesikia sawa. Nilitembea vizuri mara moja tu katika maisha yangu yote, hatua chache juu ya zulia jekundu la kukodi, mbele ya wakwe, na sijawahi kujuta hivyo. Na kwa kuwa ile video imeshafika hadi kwa watu nisiowajua (juzi mteja kule Eastleigh aliniangalia, akaangalia mguu, akaniangalia tena, akauliza "si wewe ndiye yule wa leso?"), wacha niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, maana video inaanza katikati na inakatika pale pabaya kabisa.

Kwanza mjue kwamba mguu wangu wa kushoto unaishia chini kidogo ya goti. Nilizaliwa hivyo. Hakukuwa na ajali, hakukuwa na lori, hakuna mtu aliyeniroga, na najua hilo huwavunja watu moyo kwa sababu wakiniuliza "ilikuwaje?" huwa wameshavaa uso wa matanga, wako tayari kulia na mimi, halafu nawaambia "nilikuja hivi hivi" na wanabaki na machozi yasiyo na kazi. Navaa mguu wa bandia. Unashikiliwa na mkanda wa ngozi juu ya goti, na huo mkanda una chuma cha kufungia ambacho hulia kacha, kacha, kila nikipiga hatua. Nachechemea, na sichechemei kidogo, nachechemea kabisa, bega linashuka, nyonga inautupa mguu kwa nje, na mtu akiwa nyuma yangu inabidi anipe nafasi. Kwa mwendo huo huo nimepanda ngazi za maduka ya Eastleigh miaka na miaka nikiwa na marobota ya kitambaa, maana kazi yangu ni kushona mapazia, na kwa mwendo huo huo nilimkimbiza mwizi wa simu hapa mtaani kwetu Mowlem, Nairobi, hadi karibu aingie Dandora (simu sikuipata, lakini aliyechoka kwanza ni yeye, alitupa hata kofia). Kwa hivyo mtu akiniambia "pole" barabarani, mimi humuuliza pole ya nini, na wengi huenda zao.

Basi mjue hilo, halafu mjue kwamba kuna kijana anaitwa Wafula, fundi wa kuchomelea mageti, kibanda chake kiko kando ya barabara ya kwenda Umoja, na huyo kijana alinipenda nami nikampenda, na baada ya kupendana hadi majirani wakachoka, akasema watu wake watatoka Bungoma waje kwetu rasmi.

Kwetu Wakikuyu siku hiyo tunaiita ruracio, na wakwe wakishafika wakaketi kuna mchezo mmoja. Msichana anayeposwa hufichwa ndani pamoja na wasichana wenzake, wote wanafunikwa leso kutoka utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha wanatolewa kwa mstari huku akina mama wakiimba, na kijana anaambiwa haya, mtafute wako. Haruhusiwi kufunua, haruhusiwi kugusa, haruhusiwi kuita jina. Akimpata, ni vigelegele. Akikosea, anatozwa mbuzi, na atachekwa hadi wajukuu wake waje kusimuliwa.

Sasa tangu habari ya wakwe itoke, kila mtu nyumbani alikuwa na utani huo huo mmoja. "Wewe hata ufunikwe na gunia, Wafula atakujua tu. Hatua moja, kacha, amekupata, twende tukale." Walisema kwa mapenzi, ninajua, nami nilicheka nao, lakini usiku maneno yalikuwa yakinirudia. Binamu yangu mmoja mumewe alimjua kwa vidole vyake virefu. Mwingine alijulikana kwa kuwa hakuweza kunyamaza hata chini ya leso, alikuwa anacheka. Na mimi nijulikane kwa mguu? Mguu unitangulie hata siku yangu mwenyewe?

Halafu Tata Wairimu akaja kumwagia petroli. Tata ni dada ya baba, ndiye aliyekuwa ameshika mipango yote, ni mama wa kanisa na ana sauti ya kuongoza kwaya, lakini siku hiyo alikuja chumbani kwangu na sauti ya chini, na Tata akiongea chini ujue kuna jambo.

"Nyambura, mimi naona huo mchezo wa leso tuuache. Wewe ukae tu nyuma ya meza, tuweke maua hapo mbele, wageni wale, wanywe, wazee waongee wamalize. Mambo yakishakubaliwa ndipo usimame."

"Kwani nikisimama mapema kutatokea nini, Tata?"

"Hakuna kitu, mami. Ni vile hawa ni watu wa mbali, hawajakuona ukitembea. Na nimesikia mjomba wao ndiye msemaji na ni mtu mgumu. Huyo akisema hapana, wataingia kwenye gari warudi kwao, na sisi tubaki hapa na sufuria za mukimo."

Hapo lazima niseme ukweli kwamba Tata hakuwa anazua. Mama yake Wafula alikuwa ameambiwa kuhusu mguu. Wafula alimweleza kwa simu, naye akajibu, "Tutakuja tuone," neno ambalo nililigeuzageuza siku nyingi nisijue kama ni zuri au baya. Mjomba Simiyu hakuwa ameambiwa kitu. "Mjomba ukimwambia jambo mapema, anakuja na hotuba," Wafula alisema, tukacheka, tukaacha hapo. Na mjomba ndiye angesema ndiyo au hapana.

Sasa mtu mwenye busara angekaa chini afikirie. Mimi sikukosea kwa woga, nilikosea kwa hasira, ambayo ndiyo njia yangu ya kawaida. Nilimwambia, "Tata, leso nitavaa, nitatembea, na hakuna mtu hapo nje atakayejua ni mimi."

Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, na ulizaa mengine yote.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Wasichana wote wanaotoka na mimi watachechemea, kila mmoja, kama mimi. Halafu mimi, mimi mwenyewe Nyambura, nitatembea wima. Wafula ataanza kutafuta mchechemeo, ataona michechemeo mitano, atachanganyikiwa, na huyo mmoja anayetembea kama askari wa gwaride hatamfikiria hata kidogo. Atashindwa. Na akishindwa ndipo nitajifunua, watu wote washangae, na hakuna atakayesema tena ati mimi najulikana kwa mguu. (Nikiwaeleza hivi hata mimi naona mashimo yake, lakini wakati ule niliuona ni mpango wa mtu mwenye akili sana.)

Tuliufanyia mazoezi kwenye korido ya ghorofa yetu, majirani wakitoka kuanika nguo wanatupisha bila kuuliza. Binamu yangu Shiku ndiye alikuwa kiongozi wa wenzake, msichana mkorofi, mwenye moyo mkubwa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mwendo wangu ni mgumu kuiga. "Huo si mwendo wangu," nilimwambia, "huo ni mwendo wa mtu aliyekanyaga msumari. Usijihurumie. Mguu unautupa, huuburuti. Kichwa juu. Mimi nikitembea siombi mtu ruhusa." Alirudia, akarudia, nyonga ikamuuma akatafuta dawa ya kuchua, na siku ya tatu akapita mbele yangu na nikajiona mimi mzima nikipita, bega, nyonga, kila kitu. Sikuwahi kujiona kwa nyuma. Sikuwa mbaya.

Mimi nami nilijifunza kwenda wima. Inawezekana, msidhani haiwezekani, ila unabana tumbo, unabana meno, unauweka mguu polepole kana kwamba sakafu ni ya mtu mwingine, na baada ya hatua kadhaa kiuno kinakuuliza unamfanyia nani hivi. Viatu tulinunua vya aina moja, raba nyeupe, ili visije vikanisaliti. Kikabaki kile chuma cha mkanda, kacha, kacha, maana Wafula anakijua hata usingizini. Nikautoa mkanda. Nikaufunga mguu kwa lastiki, ile pana ninayotumia kushonea mapazia, nikaizungusha mara nyingi, nikaipiga na pini, nikaruka ruka mbele ya kioo, ikakaa. Shiku aliuliza, "Una hakika?" Nikamwambia lastiki hiyo inabeba mapazia ya hoteli nzima, itashindwa na mguu mmoja?

Siku ikafika. Hema zilifungwa barabarani kati ya ghorofa yetu na ile ya pili, mbuzi walikuwa wametoka sokoni Kiamaiko tangu asubuhi na moshi wao ulikuwa umeingia hadi kwenye nywele, zulia jekundu likatandazwa juu ya matope ya jana yake, na wakwe wakafika, wakaimba getini, wakafunguliwa. Mimi nilikuwa kwa jirani chini, nimefunikwa leso tatu, nasikia tu. Nilisikia sauti ya Mjomba Simiyu akishukuru kwa mapokezi, sauti nzito isiyo na haraka.

Tukatoka. Ukiwa chini ya leso huoni kitu isipokuwa kipande cha ardhi na viatu vya watu, kwa hivyo siku yangu ya kuposwa naikumbuka kwa viatu. Shiku mbele, anachechemea. Wa pili anachechemea. Wa tatu, wa nne, wa tano, wote wanatupa mguu wa kushoto pamoja, chap, chap, na mimi mwisho, wima, nimebana kila kitu kinachobanika. Akina mama wa upande wetu walianza kucheka katikati ya wimbo, kwa sababu walielewa utani. Upande wa wakwe ulikuwa kimya. Nikaona jozi moja ya viatu vya wazee, vyeusi, vilivyosuguliwa vikang'aa, vikirudi nyuma polepole chini ya kiti.

Tukasimama kwa mstari, wimbo ukaisha, na ile sauti nzito ikaomba maikrofoni.

"Wakwe zetu," Mjomba Simiyu akasema, "kabla hatujaendelea mbele, naomba kuuliza, na sitaki mtu aone vibaya. Hawa wasichana wenu. Wote. Walipatwa na nini?"

Watu wetu wakacheka zaidi. Tata Wairimu akachukua maikrofoni yake, akasema, "Hakuna kitu, mzee wetu, ni mchezo tu wa kumchanganya kijana."

"Kuchechemea ndio mchezo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa sababu nilikuwa najiuliza kama ni maji ya huku."

Hapo hata wakwe walicheka, lakini yeye hakucheka, na chini ya leso nilianza kuona jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu kule kwenye korido. Huyu mzee alikuwa hajaambiwa. Sasa ameambiwa kwamba kuchechemea ni mchezo, na dakika chache zijazo nitajifunua mimi na mchechemeo ambao si mchezo, na ataona kwamba tumemchezea. Nilitaka kurudi ndani. Lakini Wafula alikuwa ameshaitwa.

Viatu vya Wafula navijua. Ni vya ngozi ya kahawia, na hata avisugue vipi cha kulia kina tone la rangi nyekundu ya mageti lisilotoka. Tone likaja. Tata akatuamuru tuzunguke kidogo ili kijana atuone, wenzangu wakachechemea huku na kule, mimi nikapiga hatua zangu za gwaride. Tone likapita mbele yangu. Halikusimama hata kidogo. Likaenda kwa wa tano, likaenda kwa wa nne, likarudi, likatembea moja kwa moja hadi kwa Shiku, likasimama.

"Ni huyu," Wafula akasema.

"Una hakika?" Tata akamuuliza, na nilisikia kicheko kikimkaba.

"Nina hakika kabisa. Huyu ndiye Nyambura wangu."

Sasa niambieni. Si ndicho nilichotaka? Si ndicho nilichofanyia mazoezi hadi kiuno kikalia? Nilikuwa nimeshinda, na mbuzi alikuwa wangu. Lakini mbuzi huyo sikumtaka, kwa sababu amepita mbele yangu kama anayepita mlingoti, akaenda kwa mtu mwingine, kwa sababu ya mguu. Kumbe hata huyu. Kumbe tukiondoa kuchechemea, Wafula hanijui. Niliumia, na mimi nikiumia huwa nakasirika, na nikikasirika huwa natembea, kwa hivyo nikageuka kwa nguvu zangu zote, sioni kitu, nikidhani naelekea ndani, nikasahau wima, nikasahau lastiki, nikautupa mguu wa kushoto kama nilivyoutupa maisha yangu yote, na ncha ya raba ikaingia chini ya upindo wa zulia.

Mimi nikaenda. Mguu ukabaki.

Haukuanguka hata, hapo ndipo wale wa video hucheka zaidi. Ulisimama pale pale umeshikwa na zulia, na raba yake nyeupe na soksi yake, wima kuliko nilivyosimama mimi siku hiyo nzima, huku lastiki ikiruka na kumpiga mpiga picha, na mimi nikienda mbele mzimamzima na leso zangu hadi miguuni pa Mjomba Simiyu, kwa adabu zote, kama mtu aliyekuja kuomba baraka. Mama mmoja akapiga yowe, "Woi, amekatika!" na viti vikaanguka.

Leso zikanitoka. Nikakaa hapo chini, sketi imepanda, kigutu changu nje mbele ya Bungoma yote, na nikasikia mafuta ya mbuzi yakidondoka kwenye makaa. Mjomba Simiyu aliniangalia. Akaangalia mguu uliosimama peke yake kwenye zulia. Akaangalia wale watano, ambao sasa walikuwa wamesahau kuchechemea na wamekimbia hadi hapo kwa miguu miwili miwili iliyo mizima kabisa.

"Wakwe zetu," akasema, polepole, "wenye miguu wanachechemea, na asiye nayo anatembea wima. Mtanielezea."

(Video inaishia hapo. Ndiyo maana naichukia.)

Tata Wairimu alikuwa ameshafika na leso mkononi. "Mfunikeni, mfunikeni haraka," alikuwa anasema, maskini, aliona mukimo wote ukiharibika, na akaitupa ile leso juu ya goti langu. Na ndipo nikajua ni nini hasa kilichonitia aibu. Kuanguka nimeanguka mara nyingi, huinuka. Sketi ni kitambaa tu, na kitambaa ndio kazi yangu. Aibu yangu ilikuwa kwamba siku ambayo watu wamesafiri kuja kuniona, nilikuwa nimejificha, tena nikafundisha na wengine wanisaidie kujificha.

Nikaitoa leso. "Tata, acha," nikamwambia. "Mtu asinifunike."

Nikamgeukia mzee, nikiwa bado chini, maana kusimama ilikuwa inahitaji vifaa. "Mzee, shikamoo. Naitwa Nyambura, mimi ndiye mliyemfuata. Nilizaliwa hivi. Si ugonjwa, si laana, na si maji. Hawa wengine ni wazima, niliwafundisha mimi. Nafanya kazi, najilisha, mama yangu namlisha, na mtoto wenu nampenda. Kama kuna swali kuhusu mguu wangu naomba niulizwe mimi, niko hapa."

Mama yangu alikuwa ameshika mdomo. Mzee akafikiria.

"Swali ninalo moja," akasema. "Kwa nini uliwafundisha?"

"Ili Wafula asinijue."

"Na wewe, siku ya kuposwa, ulitaka usijulikane?"

Jamani, mimi nina majibu. Kila anayenijua anajua nina majibu. Hilo sikuwa nalo. Kwa hivyo nikafanya kile mtu hufanya akikosa jibu, nikamrukia mwingine. Nikamwangalia Wafula, ambaye alikuwa bado kando ya Shiku na suti yake, nikamwambia mbele ya watu wote, "Na wewe ulipita. Ulipita mbele yangu hukusimama hata kidogo. Ulikuwa unatafuta mguu tu."

Wafula si mtu wa maneno, chuma hakihitaji maneno. Alikuja akachuchumaa mbele yangu na suti hiyo hiyo kwenye matope.

"Nilikuwa natafuta mwendo wako," akasema.

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Mguu ni wa duka. Mwendo ni wako. Mimi nikiwa kazini nimevaa miwani yangu nyeusi, sioni sura ya mtu, watu wa Umoja wote wanapita hapo siku nzima, siwajui. Kuna mwendo mmoja tu nikiuona huwa nazima mashine. Sasa leo umempa Shiku mwendo wako, halafu unanikasirikia nikiufuata?"

Shiku, pale nyuma, akasema, "Mimi nilisema nimefanya mazoezi," na mtu akamfinya.

Hebu fikirieni. Mwendo ambao nilikuwa nauona ndio kitu cha kushindwa, cha kufichwa, cha kupitwa siku hiyo, huyu mwanamume alikuwa anauzimia mashine. Nami nimekaa siku zote nikiwapigia watu kelele wasinihurumie, huku ndani nina korti yangu ndogo inayonishtaki kwa kutotembea kama wao.

Wakati huo mama yake Wafula, yule wa "tutakuja tuone", alikuwa ameinuka kimya kimya. Alienda hadi kwenye zulia, akainua upindo, akauchomoa mguu kwa uangalifu, akaufuta matope kwa pembe ya leso yake mpya aliyovaa kwa sherehe. Akaugeuza, akachungulia ndani yake kama mtu anayekagua chungu sokoni. Kisha akaja, akakaa chini kando yangu, mama mzima na kitambaa chake cha kichwa, akanipa.

"Unavaa na soksi ama bila?" akaniuliza.

"Na soksi, Mama."

"Na huu unashikwa na nini? Si lastiki tu?"

"Una mkanda. Niliutoa."

"Kwa nini?"

"Unalia."

"Mwanangu," akasema, "mimi tangu aniambie nimekuwa nikingoja nione kama una mguu unaokufikisha unakotaka. Sasa nimekuona umefika hadi miguuni pa kaka yangu. Nenda kavae mkanda wako."

Halafu akamgeukia kaka yake, wakaongea kwa lugha yao ya Kibukusu maneno machache, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mjomba Simiyu akitikisika mabega. Alichukua maikrofoni. Tata Wairimu alikuwa amefumba macho, naamini anaomba.

"Sisi tulikuja kutafuta msichana mmoja," mzee akasema, "na tumeonyeshwa mchezo. Kijana wetu amekosea, mbuzi tutatoa, hatubishani. Lakini mimi siwezi kurudi Bungoma niwaambie watu nimeona kitu ambacho sikukiona. Hawa wasichana warudi ndani. Wafunikwe tena. Watoke tena, na safari hii, tafadhali sana, kila mtu atoke na mwendo wake."

Tukarudi ndani. Shiku alilia akicheka, wengine walinifunga leso wakiwa wananigongagonga mgongoni, na mimi nikakaa kitandani kwa jirani nikavaa soksi, nikavaa mguu, nikavuta mkanda hadi tundu la mwisho. Kacha. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama hiyo.

Tulipotoka, wale watano walitangulia wakitembea kama watu. Mimi nikawa wa mwisho. Nilisimama mlangoni, nimefunikwa hadi chini, sioni kitu ila zulia na upindo wake mchokozi, nikashusha bega, nikautupa mguu. Hatua moja. Sikuwahi kupiga ya pili, kwa sababu nilisikia kiti kikianguka upande wa wakwe, na viatu vya kahawia vikija mbio, na sauti nzito ya mzee ikisema nyuma yake, "Kijana, ngoja basi afike." Lile tone jekundu likasimama mbele yangu, nami chini ya leso nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na vigelegele vilisikika, nimeambiwa, hadi Umoja.

Sasa harusi iko mbele yetu, na majuzi mtu mmoja wa kamati, ana nia njema, aliniuliza kama waniwekee kiti cha magurudumu pale mlangoni mwa kanisa nisukumwe hadi mbele, maana njia ya katikati ni ndefu na watu watakuwa wengi wakitazama. Nimemwambia kiti akakalie yeye. Hiyo njia nitaitembea yote, nitachechemea kutoka mlangoni hadi madhabahuni, polepole nikitaka, na wimbo utaningoja. Anayetaka kuniiga aje nimfundishe, Shiku atawaambia bei ni nyonga. Lakini lastiki imerudi kwenye mapazia, na wima sitatembea tena, si kwa mjomba, si kwa wakwe, si kwa mtu yeyote, na huo mkanda mtausikia kabla hamjaniona.